Nafasi ya Stambuli

Jumatatu ile pantoni ilisimama katikati ya hori, na aliyeisimamisha alikuwa Chengo, shemeji yake Gona mvuta mnyororo. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Chengo kazini.

Mwaka huo wa arobaini na sita hapakuwa na daraja wala injini ya kumvusha mtu kutoka upande wa Utange hadi ng'ambo. Palikuwa na mnyororo uliofungwa pwani hadi pwani, na wanaume tisa juu ya pantoni. Waliushika mnyororo kwa mbele, wakatembea nao hadi nyuma, wakauacha, wakarudi mbele kuushika tena. Lori la nazi, gari la mzungu, mbuzi wa hitima, wote walivuka kwa miguu ya watu tisa. Na miguu hiyo ilikwenda kwa wimbo, kwa sababu watu tisa wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, pantoni haisogei hata ulie machozi.

Mmoja alitoa ubeti, wanane wakaitikia. Kwa miaka kumi na tisa aliyetoa alikuwa Stambuli, na mahali pake palikuwa mbele kabisa. "Mnyororo una meno!" angeanza, na wenzake wangejibu, "Nasi tuna mikono!" Baada ya hapo aligeukia abiria. Aliyevaa kanzu ya kuazima alitungiwa, aliyegombana na mumewe alitungiwa, na bibi mwenye jogoo aliyekataa kuwika alitungiwa pamoja na jogoo wake. Kiitikio hakikubadilika. Kutoka huku hadi ng'ambo zilikuwa beti saba, si sita si nane, akizirefusha au kuzifupisha kwa kufuata maji. Aliyesifiwa alishuka akicheka, na aliyesemwa alishuka akicheka zaidi, asije akajulikana kuwa imemchoma.

Stambuli alikufa Jumanne kwa kichomi, akazikwa Jumatano. Tangu siku hiyo wenzake walivuta bila wimbo, kwa kuguna tu, na mbele ya mnyororo wakaacha nafasi ya mtu mmoja.

Chengo hakuambiwa. Hilo lilikuwa kosa la Gona, na Gona mwenyewe baadaye alilikubali. Chengo alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minane, amerudi kutoka vita vya Wazungu kule Bama na kovu la shingo, na kwa miezi minane alikuwa akizunguka kutafuta kazi. Alipoona pengo mbele, alidhani ndilo alilowekewa. Akasimama pale, akashika chuma, na kwa vile alikuwa na furaha, na wimbo ule aliujua tangu alipokuwa akivushwa mgongoni mwa mamake, akapaza sauti: "Mnyororo una meno!"

Hakuna aliyeitikia. Gona alikuwa wa kwanza kuachia mnyororo. Akafuata Lewa, kisha wote, chuma kikaanguka kwenye mbao kwa kishindo. Maji yalikuwa yakijaa kwa nguvu. Yaliisukuma pantoni ubavuni mpaka mnyororo ukakaza, na lori la nazi likacheza kwenye magurudumu yake.

"Jamani, mnatuua!" dereva akapiga kelele.

"Toka hapo," Gona akasema.

"Wapi?" Chengo akauliza.

"Hapo uliposimama. Hapo pana mtu."

Chengo akatazama kushoto na kulia. "Mbona simwoni?"

"Yupo," Lewa akamwambia. Lewa kwa kawaida ndiye aliyekuwa mcheshi wa kundi, lakini siku hiyo hakucheka. "Umemkanyaga."

Abiria wote walikuwa wakimtazama. Chengo alirudi nyuma, akapita mbele ya macho ya wanawake wa sokoni na kuku wao, akaenda kushika mkia wa mnyororo. Huko ng'ambo walikokuwa wakienda, mnyapara Jaffar alikuwa amesimama gatini, mikono kiunoni, ameona yote.

* * *

"Umemwaibisha ndugu yangu mbele ya kuku za watu," Kanze alisema.

Walikuwa wakiishi katika chumba kimoja cha mabati, nyumba za kazi, hatua mia kutoka gatini. Mwenye kazi alikuwa na chumba, asiye na kazi hakuwa nacho. Gona na mkewe Kanze na binti yao Kaviha walilala upande huu wa pazia, Chengo akalala upande ule. Jioni hiyo Chengo aliketi mlangoni akimenya mihogo, na kila neno alilisikia, kwa kuwa chumba kile hakikuwa na mahali pa kuficha neno.

"Sikumwaibisha. Nilimwondoa."

"Baba Kaviha, miezi minane nakuomba. Mtafutie, mtafutie. Mungu kafungua mlango, wewe umeufunga na mkono wako! Kwani Stambuli yule alikuwa nani yako? Alikuzaa?"

"Kanze, wewe ulikuwapo Ngowa alipokufa."

Ngowa alikuwa Mgiriama mwenzao, mvutaji wa mnyororo huo huo, aliyeteleza akachukuliwa na maji miaka tisa nyuma. Mnyapara wa wakati huo alileta mtu mwingine kesho yake asubuhi. Stambuli alimshika yule mtu mkono kwa upole, akampeleka mkiani, akasema nafasi ya Ngowa haikanyagwi mpaka zitimie siku arobaini. Kisha yeye mwenyewe akavuta kwa nguvu za wawili. Kuanzia hapo ikawa ndiyo ada ya mnyororo. Hakuna aliyeiandika.

"Mwislamu yule alimwekea Ngowa nafasi siku arobaini," Gona akasema, "na Ngowa hakuwa na dini wala udhu. Leo mimi nishindwe kumwekea yeye?"

"Ngowa alipokufa sikuwa na ndugu mwenye njaa."

"Ndugu yako ana kazi. Avute mkiani kama tulivyoanza sote."

"Na mnyapara akisema la?"

Hapo ndipo penye mwiba. Chengo aliweka kisu chini.

"Mulamu, shemeji yangu, ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu, nisingesimama pale. Lakini na mimi nikwambie. Kule Bama, mwenzetu akifa asubuhi, mchana nafasi yake ina mtu. Na viatu vyake vina mtu. Mimi nilivaa viatu vya rafiki yangu kabla havijapoa."

"Uliona sawa?"

"Sikuulizwa kama naona sawa."

"Basi hapa nakuuliza."

Chengo akachukua kisu, akaendelea kumenya. Kanze aliinjika sufuria kwa nguvu hata majivu yakaruka.

* * *

Jaffar hakuwa mtu mbaya. Hili lazima lisemwe, kwa sababu watu wa kivukoni walimsema sana. Alikuwa mtu wa Mvita, mwenye kofia safi na maneno mazuri, na tatizo lake lilikuwa moja tu: aliwaogopa waliokuwa juu yake kuliko alivyowapenda waliokuwa chini yake.

"Sabalkheri, Gona."

"Alkheri, bwana."

"Jumamosi saa nne bwana injinia yuwaja na wageni wake. Mabibi wawili na mwanamume mmoja kutoka Ulaya. Wavuke, wageuze, warudi. Na unajua wataka nini? Hawataki kuvuka. Wataka kuusikia wimbo. Wamehadithiwa."

"Mtoaji amekufa, bwana."

"Najua amekufa, nilimbeba. Kwa bega hili!" Jaffar alijipiga bega, na kwa kitambo kidogo sauti yake ilitaka kuvunjika. "Lakini bwana injinia haji kwa hitima. Shemeji yako ana sauti, nilimsikia Jumatatu. Asimame mbele, atoe."

"Bado arobaini."

"Subhanallah! Wewe Mkristo, kila Jumapili kanisani, utanifundisha mimi arobaini? Arobaini si faradhi, muulize mwalimu yeyote. Ni desturi za wazee. Tena ni za nyumbani, si za kazini."

"Sikufundishi dini, bwana. Nakwambia la mnyororo."

Jaffar alimsogelea, akashusha sauti. Waliokuwa karibu walijifanya wanafunga kamba.

"Sikiza. Jumatatu mliachia chuma na watu wamo ndani. Hilo nililimeza, sikulipeleka ofisini. La pili halimezeki. Jumamosi, wimbo uimbwe kutoka huku hadi ng'ambo. Usipoimbwa, unipe ufunguo wa chumba chako, na shemeji yako afuate nyuma. Usije ukasema hukuambiwa."

* * *

Alhamisi, kazi ilipolala kidogo, Gona alipanda kilimani kwa Stambuli. Mjane, Bi Mwanatumu, alikuwa amekaa eda. Haonekani na mwanamume wa kando, hatoki, na asingetoka miezi minne na siku kumi. Gona aliketi barazani, mlango ukawa umerudishwa nusu na pazia limeshuka.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mwanatumu. Ni Gona."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaviha hajambo? Mamake?"

"Hawajambo."

Kisha Gona akainua macho kwenye makuti ya paa, mpaka sauti ya ndani ikamwambia, "Sema, mwanangu. Hukupanda kilima hiki kuhesabu makuti."

Siku ya mazishi, mama huyu alimtumia Gona ombi moja tu. Alisema kwa miaka kumi na tisa ameishi kwa kusikia. Akisikia ubeti wa kwanza alibandika maji, akisikia wa saba alijua mume yuko ng'ambo, salama. Sasa yeye amefungwa ndani lakini masikio hayakai eda. Asisikie sauti ya mtu mwingine katika mahali pa mumewe kabla ya arobaini. Gona aliapa. Na sasa alikuja kuomba afunguliwe kiapo, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alieleza yote. Jaffar, wageni, ufunguo, Chengo, pazia la Kanze.

"Una mtoto," Bi Mwanatumu akasema. "Imbeni, mwanangu. Nimekufungua, wallahi. Saa nne hiyo nitaziba masikio na mto."

Kama angemlaani ingekuwa afadhali. Gona aliteremka kilima akijiona mwizi. Aliufikiria mto ule. Mwanamke wa miaka hamsini, peke yake chumbani, amejifunika uso na mto ili mabibi wawili wa Ulaya wapate kuchangamka! Alipofika chini alikuwa amekasirika vizuri, na hasira ile ilimpa akili. Aliwakuta wenzake wamekaa kwenye ukingo wa pantoni wakila.

"Jaffar kasema nini hasa?" akawauliza. "Kasema tuimbe?"

"Kasema wimbo uimbwe," Lewa akajibu.

"Basi utaimbwa. Sisi kazi yetu katika wimbo ni ipi?"

Lewa alimtazama, akatafuna, akatazama tena. Kisha akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

* * *

Jumamosi gari jeusi lilipanda pantoni saa nne na dakika tano. Bwana injinia alishuka, na mabibi wawili wenye kofia, na mgeni mwenye kamera. Jaffar alivaa koti. Abiria wa kawaida walisukumwa nyuma, miongoni mwao Kanze, aliyekuja na kikapu cha mchicha, ingawa hakuwa na mtu wa kumuuzia ng'ambo. Alitaka tu kuona kwa macho yake chumba chake kinavyokwenda.

Wanaume walipanga mstari. Mbele, nafasi tupu. Nyuma yake Gona, kisha Lewa, kisha wengine, na Chengo mkiani.

"Chengo!" Jaffar akaita kwa tabasamu la wageni. "Njoo mbele, bwana. Toa."

Chengo alitazama ile nafasi. Alimtazama dadake, aliyeshika kikapu kwa mikono miwili na kumwomba kwa macho. Miezi minane ilikuwa katika macho yale. Ilitosha apige hatua saba tu.

"Mimi mgeni, bwana," Chengo akasema kwa sauti ya kusikika. "Mwanzo wake siujui."

Watu wazima na akili zao waliokuwapo Jumatatu walitazama chini. Uongo ule ulikuwa mkubwa kama lori.

"Imbeni basi!" Jaffar akasema kwa meno. "Mmoja wenu atoe!"

Gona aliinama, akashika mnyororo. Wote wakashika. Mguu wa kulia ukapiga mbao. Hatua moja, mbili, tatu, nne, na hakuna sauti ila nyayo na chuma, kadiri ile ile ambayo Stambuli angechukua kutoa ubeti. Kisha wanaume tisa kwa pamoja, Chengo akiwamo:

"Nasi tuna mikono!"

Hatua nne kimya. Mahali pale palikaa wazi, na kila mtu wa Utange aliyekuwa juu ya pantoni alisikia mwenyewe moyoni kilichotakiwa kuwapo. Bibi wa jogoo aliisikia sauti ile hasa, akafunika mdomo na leso.

"Nasi tuna mikono!"

Pantoni ilikwenda. Haikuwahi kwenda sawa vile tangu mazishi. Lakini kiitikio kile, kikiwa peke yake, hakikuwa tena cha kuchekesha. Kilitoka vifuani kikaenda moja kwa moja mahali walipokuwa wageni. Mmoja wa mabibi alikuwa ameanza kupiga makofi. Akaacha. Bwana injinia alimuuliza Jaffar kitu kwa Kiingereza, Jaffar akajibu kwa kucheka, na jasho likamtoka chini ya kofia.

"Imbeni wote! Imbeni na mwanzo wake!"

Hatua nne. "Nasi tuna mikono!"

Katika ubeti wa tano wanawake wa nyuma waliingia. Alianza bibi wa jogoo, akafuata mwingine. Kanze alijizuia. Alikumbuka ufunguo, alikumbuka pazia, akamwona ndugu yake mkiani akivuta na kovu limevimba shingoni, machozi yakimtoka waziwazi, mtu ambaye tangu arudi vitani hakulia hata siku moja. Kanze akaweka kikapu chini. Hatua nne alingoja na wenzake, kimya kama wao, halafu akaitikia kwa sauti iliyompita Lewa.

Ubeti wa saba uliishia gatini, pale pale ulipokuwa ukiishia siku zote.

Jaffar hakungoja wageni wageuze shingo. Alinyoosha kiganja. "Ufunguo."

Gona aliufungua kutoka kwenye uzi kiunoni, akampa. Aliweka mnyororo chini taratibu, akashuka pantoni, akakaa kwenye jiwe. Lewa naye akashuka. Chengo akashuka, na wote waliobaki, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mwenda wapi? Gari lirudi! Wageni warudi!"

"Vuta, bwana," Lewa akamwambia. "Nafasi ziko nyingi."

Jaffar alivua koti. Alimwita dereva wa gari, wakashika mnyororo wawili, huyu akivuta, yule akipumzika. Pantoni ilitikisika tu. Jua lilikuwa limekaza, mabibi waliingia garini, wakatoka kwa joto, wakaingia tena. Bwana injinia alitazama saa yake, akatazama ng'ambo, kisha akamtazama Jaffar kwa namna ambayo Jaffar aliiogopa kuliko maradhi. Huku nyuma hakuna abiria hata mmoja aliyejitolea kusaidia. Walikaa juu ya vikapu vyao wakatazama.

Ilipita kama nusu saa. Jaffar alishuka, viganja vimechubuka, akaja hadi kwenye jiwe. Alisimama hapo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mazuri. Akaweka ufunguo gotini mwa Gona.

"Zimebaki siku ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tisa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo Chengo atatoa. Ana sauti."

Jaffar alijipangusa uso. "Alinitungia mimi ubeti mara ngapi, Stambuli," akasema, "na sikucheka hata mara moja. Ningejua..." Hakumaliza. Alirudi kwa wageni akavaa koti lake, na wanaume tisa wakapanda, wakashika mnyororo, wakaacha nafasi.

* * *

Alasiri Kanze alipanda kilimani na mchicha wake ambao haukuuzwa. Yeye mwanamke, aliruhusiwa kuingia. Alimkuta Bi Mwanatumu kitandani ameketi, katika nguo nyeupe za eda. Mto ulikuwa sakafuni, karibu na mlango, mahali ambapo kitu hufika kikitupwa.

"Nimekuja kukuomba radhi," Kanze akasema. "Wiki nzima nilikuwa nikimsumbua mume wangu. Nilisema mengi. Nilisema Stambuli si kitu chetu."

"Kaa, mwanangu. Njaa husema mengi."

Kanze akakaa, akaanza kuchambua mchicha apate pa kuweka macho. "Basi hukuziba masikio?"

"Niliziba. Nikaona mbona mbao zapigwa kama siku zake. Nikautupa mto." Bi Mwanatumu akatabasamu, na machozi yakamteremka asiyapanguse. "Nilihesabu moja moja. Beti saba, mwanangu. Hakuruka hata mmoja."